Paka wa Makka, Radhi ya Nangara

Watu wakirudi Hija huja na habari za minara, za marumaru inayopoza nyayo, za umati usio na mwanzo wala mwisho. Bi Shani wa stoo ya nafaka, pale sokoni Babati, alirudi na habari za paka. Si kwamba minara hakuiona. Aliiona, akalia kama wenzake. Lakini miguu yake ya miaka sitini na mmoja ilikuwa imevimba tangu kwenye ndege, na mwenye miguu iliyovimba hutazama chini kuliko juu, na huko chini ndiko paka waliko.

Wa kwanza alimwona Madina, asubuhi ya pili, kwenye kichochoro nyuma ya nyumba walimofikia mahujaji wa kundi lao. Alikuwa mwembamba, rangi ya vumbi, masikio makubwa, ameketi juu ya boneti kama mwenye gari. Bi Shani alisimama, akamwita kwa sauti ile ile anayowaitia wa kwake nyumbani. Paka hakupepesa hata jicho.

"Huyu Kiswahili hajui," alisema.

"Dada, swala itatupita," alisema Muhammad.

Muhammad ndiye aliyekuwa maharimu wake, ndugu wa kiume wa kumsindikiza, kwa kuwa mume wa Bi Shani alikwishatangulia mbele ya haki. Ni mdogo wake wa mwisho. Mama yao alipofariki, Muhammad alikuwa na miaka minne, na Bi Shani akamlea mgongoni huku akipima mahindi. Sasa alikuwa na arobaini na sita, ana ndevu na kitambi, na kwa miaka ishirini walikuwa wamefanya kazi pamoja stoo: dada anauza, mdogo anapokea magunia. Hakuna jambo la Bi Shani asilolijua Muhammad. Bi Shani aliamini kwamba na yeye anayajua yote ya Muhammad.

Kufikia siku ya nne alikuwa amewajua paka wa mtaa mzima. Kulikuwa na chongo wa kwenye tanuri la mikate. Kulikuwa na mama wa watoto wanne aliyezalia chini ya ngazi, ambaye alitoka kila asubuhi kudai chakula, wala si kuomba. Kulikuwa na dume moja jekundu, nene, lililolala mlangoni kwa kinyozi, na wateja wakaliruka kwa adabu. Wengine waliingia hata uwanja wa msikiti, wakapita katikati ya safu za wanawake, mkia juu, bila haraka ya kwenda popote. Hakuna aliyewafukuza. Muuza vitambaa mmoja alitandika karatasi kando ya njia, akamwaga wali na ngozi ya kuku, akarudi ndani kuendelea na kazi yake.

Jambo hilo lilimsumbua Bi Shani. Babati paka hula kwa sababu anafanya kazi. Penye nafaka pana panya, na penye panya paka ni mwajiriwa, sawa na mpagazi wa magunia. Yeye mwenyewe aliwapenda kupita kiasi, watu wa sokoni wakamcheka mpaka wakachoka, lakini hata yeye alijitetea kwamba ni walinzi wa stoo. Hawa wa Madina walikuwa wanalinda nini? Gunia hamna, panya hamna. Alimwomba mwanamke mmoja wa Zanzibar aliyelala naye chumba kimoja, mwenye Kiarabu kidogo cha kununulia vitu, amwulizie yule muuza vitambaa. Jibu lilirudi kwamba paka wale si wa mtu, hawana kazi yoyote, wanapendwa tu.

"Wanapendwa tu," Bi Shani alirudia, akajikuta ameketi kwenye kizingiti cha duka la watu, amechoka kuliko alivyokuwa amechoka asubuhi. Alikuwa anamkumbuka Mkoa.

Mkoa alikuwa paka wake. Alizaliwa juu ya gunia la mbaazi wiki ile ile Babati ilipotangazwa kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, na Bi Shani akampa jina papo hapo, akisema nasi tumepata wetu. Mji ulipoanza kujaa watumishi wanaotafuta nyumba za kupanga, wageni walishangaa kumsikia mama mtu mzima akipaza sauti sokoni, "Mkoa, toka kwenye mahindi!" Alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe, mvivu wa kutupwa, na uvivu huo aliufundishwa, maana Bi Shani alimnywesha maziwa asubuhi na jioni, yeye na wenzake watano. Paka aliyeshiba maziwa panya atamtakia nini? Magunia yakatobolewa. Muhammad aliponung'unika, dada yake alimwambia aache wivu.

Stoo ya jirani ilikuwa ya Jovita, Mama Paskasi, Mwiraqw mwenye asili ya Dareda, muuza maharage. Walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi. Waliazimana mizani, waliazimana chumvi. Idi ikifika, sinia la pilau lilivuka kwenda kwa Mama Paskasi; Krismasi ikifika, kuku alivuka kuja kwa Bi Shani akiwa hai, miguu imefungwa kamba, ili achinjiwe kwao kwa taratibu zao. Kitu kimoja tu kiliwagombanisha: wale paka walikuwa wanakojolea maharage. Siku moja, katika mwaka wa pili wa mkoa, Mama Paskasi alimwambia Bi Shani mbele ya watu, "Mama Sabrina, hawa paka wako ipo siku nitawaonyesha." Yalikuwa maneno ya hasira, ya sokoni, yanayosemwa asubuhi na kusahaulika mchana. Lakini siku nane baadaye Bi Shani alifungua stoo akakuta paka wote sita wamekufa, povu mdomoni, Mkoa amejikunja chini ya mizani.

Hakuuliza. Alitoka nje kichwa wazi, akasimama katikati ya soko, tena Jumamosi soko limefurika, akapaza sauti iliyofika hadi stendi. Huyu mwanamke ana sumu! Ameniulia paka wangu! Nyie mnaonunua maharage yake, mnajua mnachokula?

Hilo la mwisho ndilo lililoua. Mama ntilie ni watu waoga, maana mteja mmoja akiumwa tumbo, jiko zima limekufa. Kesho yake hakuna aliyenunua maharage kwa Mama Paskasi, wala kesho kutwa. Aliapa, alilia, alitafuna maharage mabichi mbele ya watu. Haikusaidia. Kabla ya miezi miwili kwisha alifunga stoo, akarudi nyumbani kwake Nangara, nje kidogo ya mji, kulima, na mtu mwingine akaigeuza stoo ile duka la madaftari.

Sasa, anayekwenda Hija huzunguka kwanza kwa watu kuomba radhi. Hajui kama atarudi. Tena wazee husema Mungu husamehe lililo haki yake, ila haki ya mja humwachia mja mwenyewe. Bi Shani alizunguka siku tano. Alimwomba radhi mpaka fundi baiskeli aliyewahi kumsonya. Siku ya mwisho alijikokota hadi Nangara, akamkuta Mama Paskasi uani anapukuchua mahindi, akayasema maneno aliyoyapanga njia nzima.

"Mama Paskasi, nakwenda Makka. Yale ya paka wangu, nimekusamehe. Moyo wangu mweupe."

Mama Paskasi aliendelea kupukuchua. Gunzi lilipoisha punje alilitupa, akachukua jingine. Halafu akasema, "Asante. Nenda salama." Akamsindikiza hadi barabarani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Bi Shani alirudi mjini mwepesi, akijisifia kimoyomoyo kwamba si kila mtu angeweza.

Kutoka Madina walihamia Makka, na huko paka walikuwa wachache zaidi, au labda umati uliwafunika. Kundi lao lilifikia nyumba ya ghorofa sita, na lifti iliharibika karibu kila siku. Bi Shani alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, na kila alipopumzika alikuta paka wa kumtazama: mmoja dirishani, mmoja juu ya mabegi ya Wanigeria, mmoja aliyeshuka naye bega kwa bega kama wanakwenda safari moja. Goti la kushoto lilikuwa linalia. Kutufu Kaaba mara moja kulimlaza nusu siku. Alianza kuwahusudu paka wale kwa jinsi walivyolala popote usingizi ulipowakuta.

Muhammad alimngoja ghorofa ya juu, uso kaugeuzia ukutani. Tangu Madina alikuwa hivyo: dada akiinama kwa paka, yeye anaangalia pengine. Bi Shani alidhani anaona haya.

"Watu wametoka pembe zote za dunia kuja kumlilia Mungu," Muhammad alimwambia siku moja, "wewe unawahesabu paka."

"Na hawa nao ni wa Mungu. Kwani wamekukosea nini?"

Muhammad alitangulia kushuka ngazi.

Siku mbili kabla ya Arafa, wakati wa kushuka kwenda swala ya alasiri, walikuta kitoto cha paka kimelala ndani ya kiatu cha Muhammad pale mlangoni. Kilikuwa cheusi, kifua cheupe, kimejikunja kikaenea chote. Bi Shani alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu waondoke Babati.

"Tazama, Mkoa naye kaja Hija!"

Alitegemea mdogo wake akitoe, wavae waondoke. Muhammad alikitazama kile kiatu, akaketi kwenye ngazi, akaanza kulia. Hayakuwa machozi ya Hija. Hayo Bi Shani alikwishayazoea, watu walikuwa wakilia huku na huko kutwa. Alilia kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

"Dada, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ile sumu. Niliweka mimi. Niliichanganya na unga nikaiweka nyuma ya magunia, kwa ajili ya panya. Mnunuzi wa Arusha alikuwa amerudisha magunia kumi na moja yaliyotobolewa, nikaona aibu kukwambia. Paka wakawala wale panya. Sikuwaza kama wangewala, dada. Walizoea maziwa."

"Uliniona natoka kwenda sokoni?"

"Nilikuona."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Nikasema nitakwambia jioni. Jioni ikapita. Kesho yake ikawa ngumu zaidi. Halafu Mama Paskasi akafunga, nikajiambia yamekwisha."

Hakumpiga, hakumtukana. Nguvu ya kutukana angeitoa wapi? Kilichomchoma hata hakikuwa kifo cha paka, ingawa alikuwa amewalilia mwaka mzima. Kilichomchoma ni neno moja alilolisema uani Nangara. Nimekusamehe! Alikuwa amefunga safari kwenda kumpa msamaha mtu aliyepaswa kuombwa msamaha. Tena alisimama pale akingoja ashukuriwe, na akashukuriwa. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Muhammad alinyamaza, sawa, na kunyamaza kwake kulikuwa dhambi. Lakini ile sauti ya sokoni ilikuwa ya nani?

Baada ya swala alimfuata Sheikh Rama, kiongozi wa kundi lao, mtu mfupi wa Kondoa, aliyekuwa anagawa chupa za maji mlangoni.

"Sheikh, nina haki ya mtu."

"Yuko wapi huyo mtu?"

"Nangara."

"Nangara ndiyo wapi?"

"Babati. Hata saa moja kwa miguu haifiki kutoka kwangu."

Sheikh alimtazama miguu, akamvutia katoni aketi. "Hija yako itimize, usiache kitu. Omba toba kwa Mola wako. Ila hilo la Nangara, mama, utalimalizia Nangara."

"Nimekuja umbali wote huu?"

"Ndiyo," alisema Sheikh Rama, akampa maji.

Kwenye uwanda wa Arafa alisimama kutwa nzima. Wenzake walimwaga majina ya watoto, ya wagonjwa, ya marehemu. Yeye kila alipoinua mikono alijiwa na jina moja tu, la Jovita, mama mkulima, Mkristo, asiyejua kwamba anaombewa kwenye uwanda ule. Aliomba umri. Arudi hai, amkute hai. Ombi jingine halikuja. Yaliyobaki aliyafanya kwa miguu tu, huku Muhammad akimshika mkono. Paka aliowaona siku za mwisho hakuwapa majina tena. Aliwawekea mabaki ya chakula chake, akapita.

Babati iliwapokea kwa dufu na mbuzi wawili. Sabrina, binti yake, alikuwa amepaka chokaa nyumba nzima. Watu walikuja kuonja maji ya Zamzam na tende, Shani akawa Hajjat, Muhammad akawa Alhaji, na kofia yake mpya haikutoka kichwani. Walipomwuliza habari za huko, Bi Shani aliwaeleza paka aliyekalia boneti na dume la kinyozi, wakacheka wakasema Hajjat ni yule yule. Alicheka nao kidogo. Siku ya tatu, kabla uvimbe wa miguu haujapungua, alichukua njia ya Nangara.

Mama Paskasi alikuwa anapika makande kwenye jiko la uani. Alimletea kigoda. Bi Shani hakukikalia. Safari hii hakuwa amepanga maneno, yakatoka yalivyotaka: aliyeweka sumu ni Muhammad, aliyekuharibia ni mimi, nilikuja hapa kukusamehe wakati mkosaji ni mimi, naomba radhi.

Mama Paskasi alifunika sufuria. "Tangu ulipokuja hapa mara ile nimekuwa najiuliza," alisema, "huyu mama amenisamehe kitu gani. Ikafika mahali nikawaza, labda kweli niliua, nikasahau." Hakuwa anatania.

"Nisamehe, mwenzangu."

"Mama Sabrina, siku ile ya kunitangaza ulikuwa umesimama wapi?"

"Sokoni."

"Siku gani?"

"Jumamosi."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo. Wengi."

"Sasa msamaha umeniletea hapa, tunasikilizwa na kuku." Alichochea moto. "Jumamosi nitakuja mjini. Nitakuja na maharage."

Muhammad aliposikia, alivua kofia. "Dada, hata wiki haijaisha tangu nianze kuitwa Alhaji! Watatunyooshea vidole, mimi na watoto wangu."

"Sitakutaja," alisema Bi Shani. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka, miguu juu ya mto. "Nitajitaja mimi. Nimechoka kubeba, Muhammad. Niache nitue."

Jumamosi soko lilifurika kama lilivyofurika siku ile. Mama Paskasi alikuja na beseni kubwa kichwani, akatandika gunia mbele ya lile duka la madaftari lililokuwa stoo yake, akatua beseni, akaketi nyuma yake. Wanunuzi walipita wakitazama upande mwingine. Saa nzima hakuna aliyesimama.

Bi Shani alitoka stoo, akasimama pale pale pa siku ile. Mara ya kwanza sauti ilitoka na kikohozi cha mahujaji, watu wakadhani anatangaza maulidi. Alikohoa, akaanza upya.

"Wenzangu! Mwaka juzi nilisimama hapa nikasema Mama Paskasi ana sumu. Sikuwa na ushahidi. Nilisema uongo. Sumu iliyoua paka wangu ilikuwa ya stoo yangu mimi. Maharage yake hayakuwa na kitu, mkayakimbia kwa ajili ya mdomo wangu. Mnaniita Hajjat, na haki ya mtu ninayo shingoni. Nimemwomba radhi kwake. Namwomba na hapa, mkisikia."

Soko likanyamaza, jambo ambalo soko la Babati halilifanyi hata kwa msiba. Aliyevunja ukimya ni Edda, mama ntilie wa karibu na stendi, mwanamke asiyeogopa mtu. Zamani alichukua maharage kwa Mama Paskasi kila juma.

"Stoo ni yako, sawa," alisema. "Sumu aliweka nani?"

Bi Shani alikuwa ameahidi kutomtaja. Nyuma yake, mlangoni, Muhammad alikuwa ameshika debe la mahindi. Akaliweka chini polepole.

"Ni mimi," alisema. "Nikanyamaza."

Mtu mmoja alisonya. Mwingine akasema, "Alhaji!" kwa namna ambayo Muhammad hakuwahi kuitwa wiki ile. Bi Shani hakugeuka. Alitembea hadi kwenye lile gunia, akachuchumaa mbele ya beseni kwa yale magoti yake, akamtazama Mama Paskasi usoni.

"Nimesema mbele yao. Umenisamehe?"

Mama Paskasi alifungua mdomo kujibu. Edda alikuwa amekwishafika. Aliinama, akachota konzi ya maharage, akayapuliza, akayageuza kiganjani.

"Mama Paskasi, haya unauzaje?"

Zaidi ya mwaka hakuna aliyemwuliza hivyo sokoni. Mama Paskasi alitafuta kisado cha kupimia chini ya kanga, akakipata, kikamponyoka, akakiokota. Bi Shani bado alikuwa amechuchumaa pale pale, uso ameuinua, anangoja.

"Ngoja kwanza, Mama Sabrina," alisema Mama Paskasi. "Nina mteja."